Kuanzisha Mafunzo ya Uhifadhi na Usimamizi wa Urithi wa Utamaduni katika Pwani ya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu huulizwa na maofisa wa makumbusho, wakuu wa vyuo vya ufundi, kamati za wazee na wamiliki wa nyumba za kale, kila inapotajwa nia ya kuanzisha mafunzo ya uhifadhi. Majibu yanaegemea zaidi miji ya mawe ya pwani, yaani Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa na magofu ya Kilwa, kwa kuwa huko ndiko haja ya mafunzo ionekanako kwa macho. Maswali yamepewa namba ili msomaji aelekezwe kwingine pale jambo linapokuwa limekwisha kuelezwa.

## Misingi

1. Mafunzo ya uhifadhi wa urithi ni yapi hasa, na yanatofautianaje na kozi ya historia au ya utalii?

Kozi ya historia humwezesha mwanafunzi kujua nyumba ilijengwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Kozi ya utalii humwezesha kuieleza nyumba hiyo kwa wageni. Mafunzo ya uhifadhi humfundisha kuamua. Ukuta umepasuka: je, uachwe, uzibwe, ushikizwe au ubomolewe na kujengwa upya? Kwa malighafi gani, kwa kiasi gani, kwa idhini ya nani, na kumbukumbu ya kazi hiyo itunzwe wapi ili atakayekuja baada ya miaka 30 ajue kilichofanyika? Mwanafunzi anayehitimu bila kuwahi kufanya uamuzi wa namna hiyo mbele ya jengo halisi, na kuutetea mbele ya mwalimu na mwenye nyumba, hajafunzwa uhifadhi, hata kama amefaulu mitihani yote.

2. Uhifadhi na usimamizi ni fani moja au mbili?

Ni fani mbili zinazohitaji kufahamiana. Mhifadhi hushughulika na kitu chenyewe, yaani jiwe, boriti, mlango au hati. Msimamizi hushughulika na sheria, bajeti, mipaka ya eneo, wakazi, wageni na mpango wa miaka ijayo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Zanzibar ina taratibu na vyombo vyake, ikiwemo Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985. Msimamizi asiyezijua sheria za mahali pake hawezi kulilinda jengo siku litakapotolewa amri ya kubomolewa.

Ushauri wetu ni kwamba makundi haya mawili yasome pamoja katika sehemu ya kwanza ya mafunzo, kisha yatengane. Msimamizi asiyeweza kutofautisha lipu ya chokaa na lipu ya saruji ataidhinisha malipo ya kazi inayoliangamiza jengo, na fundi asiyejua kwamba mlango wa nakshi unalindwa kisheria ataung'oa kwa nia njema kabisa.

3. Je, tunaanza kutoka sifuri?

Hapana, na ni muhimu wanaoanzisha programu mpya walijue hilo kabla ya kuomba fedha. Katika miaka ya 1990 programu ya PREMA, iliyoendeshwa na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi chenye makao yake Roma, iliwafunza watumishi wa makumbusho ya Afrika kuyakinga makusanyo yao. Kutokana na juhudi hizo zilizaliwa taasisi mbili za Kiafrika: chuo cha urithi cha Porto-Novo nchini Benin, mwaka 1998, na kituo cha Mombasa, mwaka 2000, ambacho leo hujulikana kwa kifupi kama CHDA. Sambamba nazo, programu iliyoitwa Africa 2009 iliendesha kuanzia mwaka 1998 hadi 2009 kozi za usimamizi wa urithi usiohamishika, za Kiingereza zikifanyika Mombasa na za Kifaransa Porto-Novo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu mwaka 1985, na baadaye masomo ya urithi yakaongezwa humo.

Hazina hiyo ni kubwa, lakini ina upande mmoja uliojaa na mwingine mtupu. Walionufaika zaidi ni maofisa: wasimamizi wa maeneo, watunza makusanyo, wanaakiolojia. Fundi mwashi, fundi wa nakshi na mchoma chokaa, ambao bila wao hakuna ofisa anayeweza kuokoa hata ukuta mmoja, wameendelea kutegemea uanagenzi wa kifamilia unaozidi kupungua. Kwa hiyo programu mpya ikiuliza ni nani hajafikiwa bado, jibu ni hao.

## Kubuni mtaala

4. Tuanze na nini: mtaala, majengo au wafadhili?

Anzeni na mguu. Tembeeni mji mzima, nyumba kwa nyumba, mkiandika kasoro zinazojirudia: milizamu (mifereji ya kutolea maji ya paa) iliyoziba, boriti zilizooza kwenye ncha, lipu ya saruji inayobanduka, miti iliyoota juu ya kuta, nyaya na mabomba yaliyotobolewa ovyo. Kisha andikeni orodha ya pili, ya watu: mafundi wangapi bado wanafanya kazi kwa chokaa, wana umri gani, wana wanagenzi wangapi. Orodha hizi mbili zikiwekwa pamoja ndizo mtaala katika hali yake ya kwanza, kwa kuwa zinaonyesha ni kazi gani zinahitaji mikono na ni mikono ipi iliyobaki.

Niliwahi kukabidhiwa rasimu ya mtaala iliyoandaliwa kwa ajili ya mji mmoja wa pwani, iliyotumia kurasa kadhaa kueleza namna barafu inavyopasua marumaru, na isiyokuwa na hata aya moja kuhusu mchwa. Waliouandika hawakuwa wazembe. Walikopa kilichokuwepo kwa sababu hakuna aliyewaletea orodha ya kasoro za mji wenyewe.

5. Kwa nini mnasisitiza sana chokaa?

Kwa sababu chokaa ndiyo inayoshika nyumba zetu, na makosa mengi ya ukarabati wa pwani yanatokana na kutoielewa. Nyumba ya kale ya Lamu au Unguja imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti unaoweza kubeba mzigo ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, vya upana wa takribani mita 2.5 hadi 3, hata vikiwa virefu sana. Mwanafunzi akielewa jambo hili moja, anaanza kuisoma nyumba kama mwili wenye viungo vinavyotegemeana.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa kupitia lipu yake. Chokaa huruhusu hilo, ilhali saruji ni ngumu na huufungia unyevu ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu, hubeba chumvi, huibandua lipu, na hatimaye hufikia ncha za boriti zilizopenya ukutani na kuziozesha. Mwenye nyumba huona lipu ikianguka, humwita fundi aongeze saruji, na ugonjwa huongezewa sababu yake. Darasa zuri la kwanza ni kumpeleka mwanafunzi kwenye nyumba iliyofanyiwa hivyo na kumwacha aguse ukuta wenyewe.

Kuhusu ujuzi wenyewe, mafunzo yanapaswa kufuata safari yote ya chokaa: kuchagua jiwe, kulipanga juu ya magogo na kulichoma, kulimwagia maji, kuiacha chokaa iive kwa wiki nyingi mpaka iwe laini mfano wa uji mzito, kuichanganya na mchanga usio na chumvi, na kuipaka kwa tabaka nyembamba huku ukuta ukiloweshwa na kukingwa na jua kali. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo fundi mwenye haraka huiharibu. Usalama ufundishwe siku ya kwanza, maana chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Kuna upande mmoja usiopendwa kuzungumzwa. Uchomaji wa asili hutumia kuni nyingi, matumbawe hai ya baharini hayafai kuguswa, na ukataji wa mikoko unadhibitiwa kwa sababu za haki kabisa. Programu haiwezi kudai kuhifadhi urithi huku ikiharibu pwani iliyouzaa. Kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kutumia mawe ya matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu, kutumia tena mawe na boriti nzima zinazopatikana kwenye majengo yaliyoanguka, na kuomba vibali mapema. Somo hili linafaa kufundishwa na ofisa wa misitu au wa mazingira, asiwe fundi peke yake.

6. Mafunzo yachukue muda gani?

Inategemea anayefunzwa. Ofisa aliye kazini hawezi kuondoka kwa mwaka mzima, na kwake awamu fupi zinazorudi, huku akipewa kazi ya kufanya kituoni kwake kati ya awamu moja na nyingine, hufaa kuliko kozi moja ndefu. Mwanagenzi wa uashi ni tofauti: anahitaji kuuona ukuta alioupaka lipu ukipita angalau kiangazi kimoja na masika moja, ili aone kosa lake mwenyewe. Mafunzo ya fundi yaliyo mafupi kuliko hapo tunayahesabu kuwa utangulizi tu.

7. Tufundishe kwa lugha gani?

Kwa mafundi, wakazi na kamati za maeneo, Kiswahili, bila kusita. Msamiati wa jengo lenyewe umo katika Kiswahili: zidaka (vishubaka vya ukutani), daka, baraza, kiambaza, mlizamu, boriti, tarabe. Fundi aliyelizoea neno *zidaka* tangu utotoni akifundishwa kwa istilahi za kigeni huonekana mjinga katika fani anayoimudu kuliko mwalimu wake. Kozi za kimataifa za miaka iliyopita (tazama swali la 3) zilitumia Kiingereza na Kifaransa kwa sababu ziliunganisha nchi nyingi, na hilo lilieleweka. Lakini mafunzo ya mji mmoja hayana udhuru huo.

Maofisa nao wajifunze kuandika ripoti kwa lugha ya kimataifa inayotumiwa na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, maana uamuzi kuhusu miji yao hufanyika huko. Tunapendekeza kila programu ianze kwa kukusanya faharasa ya maneno ya ujenzi kutoka kwa wazee wa mahali hapo. Maneno hutofautiana kati ya Lamu na Unguja, na tofauti hizo ziachwe zilivyo.

## Walimu na wanafunzi

8. Fundi mzee asiye na cheti anaweza kuwa mwalimu rasmi?

Anaweza, na bila yeye programu haitakuwa na mwalimu. Kikwazo ni cha kiutawala: taasisi nyingi humlipa mtu kwa kufuata vyeti vyake, hivyo fundi wa miaka 40 kazini hulipwa kama kibarua huku kijana aliyehitimu jana akilipwa kama mkufunzi. Tanzania Bara ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambapo mtu aliyejifunza nje ya darasa hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Zanzibar ina mamlaka yake ya mafunzo ya amali, na Kenya nayo imeanza kuutambua ujuzi wa namna hiyo katika mfumo wake wa ufundi. Tumieni taratibu hizo kabla ya kozi kuanza, ili mzee aingie darasani akiwa na hadhi yake.

Jambo la pili ni kumpa mwenzi. Mafundi wengi hufundisha kwa kutenda na kukemea, jinsi walivyofundishwa wenyewe. Mkufunzi kijana akikaa pembeni yake, akaandika, akapima, akauliza "kwa nini" pale mwanagenzi anapoogopa kuuliza, ujuzi wa mkono hugeuka kuwa maelezo yanayoweza kusomwa na mwingine. Mzee asilazimishwe kuandika mipango ya masomo.

9. Mafunzo haya yanawahusu wanawake?

Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, hakuna kazi katika swali la 5 ambayo mwanamke hawezi kuifanya, na vikwazo vilivyopo ni vya saa za mafunzo, usafiri, faragha na mtazamo. Vyote hivyo vinaweza kupangwa. Pili, na hili husahaulika, anayeishi na nyumba mchana kutwa na kuona tone la kwanza likidondoka kutoka darini mara nyingi ni mama wa nyumba. Yeye ndiye anayejua mlizamu gani huziba wakati wa masika. Mafunzo mafupi ya utunzaji wa kila siku, yanayofanyika barazani au ndani ya nyumba na kuendeshwa na wanawake, huzuia hasara ambayo baadaye ingehitaji mamilioni. Mialiko inayopelekwa kwa "wamiliki" peke yao huwakosa.

10. Na wamiliki, hasa wakfu na warithi wengi?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimo chini ya serikali, wakfu au familia zenye warithi waliotawanyika kutoka Unguja hadi Oman na Ulaya. Mwenye uamuzi hayupo, na aliyepo hana uamuzi. Maofisa wa wakfu wanapaswa kuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa kozi ya usimamizi, wakifundishwa kukagua majengo, kukadiria gharama na kuandika mikataba ya upangaji inayobainisha nani atatengeneza nini.

## Fedha, ajira na vipimo

11. Mfadhili akiondoka, programu itabaki?

Itabaki ikiwa tangu mwanzo imewekwa ndani ya taasisi inayodumu, kama chuo cha ufundi, chuo kikuu au mamlaka ya mji, ikiwa na nafasi za kazi katika bajeti ya kawaida. Africa 2009 ilijipangia mwisho wake katika jina lake lenyewe, jambo ambalo ni la uaminifu. Na ilihusishwa na taasisi za Mombasa na Porto-Novo zilizokusudiwa kuendelea. Programu isiyojua mrithi wake ni nani isianze kusajili wanafunzi.

12. Wahitimu watapata kazi?

Watapata iwapo zabuni za serikali na masharti ya vibali vitawataka. Hapa ndipo mafunzo mengi hufia: kijana huhitimu akijua chokaa, kisha huajiriwa na mkandarasi wa saruji kwa sababu zabuni imetaja bei ya chini peke yake. Wasimamizi (tazama swali la 2) wafundishwe kuandika zabuni zinazotaja malighafi na ujuzi unaotakiwa, na mamlaka za miji zitunze orodha ya mafundi waliopimwa. Kusanifu kozi bila kuzungumza na idara ya ununuzi ni kumwandalia kijana masikitiko.

13. Tutajuaje kwamba mafunzo yamefaa?

Idadi ya vyeti haisemi lolote. Rudini kwenye majengo yaliyofanyiwa kazi na wanafunzi baada ya miaka miwili na tena baada ya mitano, mkiwa na picha na michoro ya awali. Rudini pia kwa wahitimu: ni wangapi bado wanaifanya kazi hii? Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya uimarishaji na usimamizi. Hiyo ni miaka kumi. Programu inayopimwa kwa ripoti ya robo mwaka peke yake haitaona chochote cha maana.

## Hali ngumu

14. Je, jengo lililo hatarini linaweza kutumika kama uwanja wa mafunzo?

Si kabla ya mhandisi kulikagua na kuandika sehemu zinazoruhusiwa kuingiwa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Tunaitaja kwa heshima kwa waliofiwa, na kwa sababu kila mwalimu wa uhifadhi anapaswa kuibeba akilini anapowapandisha wanafunzi ngazini. Wanagenzi waanze kwenye kuta za majaribio zilizojengwa chini, kisha nyumba imara zinazohitaji utunzaji, na majengo yenye nyufa kubwa yabaki kuwa somo la kuchora na kupima kwa mbali.

15. Ujuzi ukiwa wa siri au wa ukoo mmoja, tunaufundishaje?

Pengine haufai kufundishwa kwa kila mtu, na programu inapaswa kuukubali mpaka huo. Katika Makaburi ya Kasubi nchini Uganda, yaliyoteketea kwa moto Machi 2010, kazi ya kuezeka nyasi ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na ukarabati uliofuata ulilazimika kwenda kwa mwendo wa mila hizo. Eneo hilo liliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Katika misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, iliyoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, wapo wazee wenye mamlaka juu ya nani aingie, wapi na lini.

Namna inayofaa ni kuwauliza wenye ujuzi mambo matatu: nini kinaweza kuandikwa na kusomwa na wote, nini kifundishwe kwa vijana wao peke yao, na nini kisiguswe. Programu igharimie hilo la pili hata kama haitaruhusiwa kulishuhudia. Wafadhili hulalamika kwamba hakuna picha. Waelezwe mapema, kwa maandishi.

16. Mtaala wa mji unaokaliwa unafaa kwa magofu?

Kwa sehemu. Chokaa ni ileile, lakini gofu halina paa, hivyo mvua huingia ukutani kutoka juu na mizizi hupenya bila mtu wa kuing'oa. Kilwa inaongeza mmomonyoko wa bahari. Hapo mkazo uwe katika kufunika vichwa vya kuta, kudhibiti uoto na kuwafunza wanakijiji kupitia kamati za magofu, kwa kuwa wao ndio watakaokuwepo baada ya masika. Mjini somo gumu zaidi ni watu: choo kipya, tangi la maji juu ya paa, ghorofa ya ziada.

17. Tuna hati na vitu vya makumbusho, si majengo. Kuna lolote letu humu?

Maswali ya 4, 8, 11 na 13 yanawahusu moja kwa moja. Kilichobadilika ni adui: joto, unyevu, wadudu na mwanga. Chumba chenye hewa inayopita, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, daftari la kuingiza na kutoa vitu, na ukaguzi wa kila wiki hulinda misahafu na nyaraka za kale kuliko mashine ghali itakayozimika umeme ukikatika. Anzeni kumfunza mtu mwenye ufunguo wa chumba hicho.